Undugu haulipi kodi ya nyumba

Vita vya Syria vilipoifikia Aleppo mwaka 2012, Waarmenia wa mji ule walikuwa na kitu ambacho majirani zao wengi hawakuwa nacho: nchi iliyo tayari kuwapa pasipoti kwa sababu ya asili yao. Zaidi ya watu 20,000 walikimbilia Armenia katika miaka iliyofuata. Wakaambiwa wamerudi nyumbani, wakapokewa kama ndugu, na waliotazama kutoka mbali wakaona mambo yamekwisha vizuri. Kwa maoni yangu, kule kuambiwa wamerudi nyumbani kumewagharimu sana, kwa sababu mtu aliyerudi kwao hatarajiwi kuomba msaada wala kulalamika.

Tena nyumbani kwenyewe ni wapi? Babu zao wengi hawakutoka Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Walitoka Marash, Urfa, Aintab na Zeytun, miji iliyo ndani ya Uturuki ya leo, wakaswagwa mwaka 1915 kuelekea jangwa la Syria wakati Dola la Uthmaniya lilipokuwa likiwaangamiza. Walionusurika walijenga maisha mapya Aleppo, wakawa na makanisa yao, shule zao, karakana za viatu na masonara. Wajukuu na vitukuu wakazaliwa humo. Jamhuri waliyoikuta mwaka 2012 ilikuwa imepitia miaka 70 ya utawala wa Kisovieti, Kirusi kimejaa katika biashara zake, na mpaka wake na Uturuki umefungwa tangu 1993.

Hata Kiarmenia chenyewe si kimoja. Waliotoka Aleppo wanasema Kiarmenia cha Magharibi, wenyeji wanasema cha Mashariki, na tahajia ya Armenia ilibadilishwa na Wasovieti miaka ya 1920 huku ughaibuni wakibaki na ile ya zamani. Watu wazima wanaelewana baada ya muda. Anayeumia ni mtoto, kwa kuwa maandishi aliyosifiwa Aleppo yanapigwa wino mwekundu Yerevan, na bado Kirusi kinamsubiri. Mwaka 2012 ilifunguliwa shule mjini humo iliyofuata mtaala wa Syria, na wapo wanaoona shule za namna hiyo zinachelewesha watoto kuzoea. Mimi naiunga mkono. Mtoto aliyehama kwa mabomu anastahili angalau kitabu kimoja anachokifahamu.

Lakini shida iliyowasumbua zaidi ni pesa, na hapa ndipo maneno ya undugu yanaponiudhi. Mfikirie sonara wa Aleppo. Alikuwa na nyumba yake, duka lake, na wateja waliomjua tangu enzi za baba yake. Nyumba ile haiuziki vitani. Yerevan anapanga, na kodi inadaiwa kila mwezi kwa fedha ya nchi ambayo mishahara yake ni midogo hata kwa wenyeji. Akitaka kufungua karakana anahitaji mkopo, benki inataka dhamana, na riba ni kubwa. Akitafuta kibarua anaulizwa kama anajua Kirusi. Anajua Kiarabu na Kiarmenia, pengine na Kiingereza, lakini si Kirusi. Kijana wake wa kiume akishakuwa raia, jeshi la lazima linamkabili, naye ametoka kukimbia vita.

Wengine walifanikiwa, na nawafurahia kwa dhati. Mapishi ya Aleppo yameipa Yerevan ladha mpya, na wanawake wengi ambao hawakuwahi kufanya kazi nje ya nyumba waligeuka kuwa nguzo za familia kwa kupika na kushona. Waandishi wa habari wanapenda sana hiyo mikahawa. Mwalimu au mhasibu aliyekosa kazi hana mkahawa wa kupigwa picha.

Ajabu ni kwamba Armenia ina uzoefu wa jambo hili. Mitaa ya Yerevan kama Arabkir, Malatia na Nor Zeytun ina majina ya miji iliyopotea, kumbukumbu ya wakimbizi na warudi wa zamani. Mpango wa kuwajengea watu wa Aleppo makazi huko Ashtarak, karibu na Yerevan, nao ulitangazwa kwa shangwe, kisha ukakwama. Na kati ya 1946 na 1949, karibu watu 90,000 waliitikia wito wa Stalin wakatoka Lebanon, Syria, Iran, Ugiriki, Ufaransa na kwingineko. Walikuta njaa na dharau, na mwaka 1949 baadhi yao wakahamishwa kwa nguvu hadi Altai huko Siberia. Serikali ya leo si ya Stalin hata kidogo. Ila kosa la kudhani damu itafanya kazi ya sera ni la tangu enzi hizo.

Sisi wa pwani tuna mfano wetu. Waomani wa Zanzibar waliokwenda Oman, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, walifika na Kiswahili chao, na wengi Kiarabu kiliwapiga chenga. Waliitwa Wazanzibari, tena si kwa sifa kila mara. Lakini nchi ilikuwa na mafuta na ilihitaji watu waliosoma, kwa hiyo wakapata kazi. Kazi ndiyo iliyowapa mahali pa kusimama huku lugha ikifuata polepole.

Armenia haina mafuta, na tangu Septemba 2023 imebeba zaidi ya watu 100,000 waliokimbia Nagorno-Karabakh, eneo la Waarmenia lililotwaliwa na Azerbaijan, kwa siku chache tu. Kwa nchi ya watu wapatao milioni tatu, huo ni mzigo mzito, na sitaki kuudharau. Ndiyo maana msaada wa kodi ya nyumba kwa miaka ya mwanzo, mikopo ya riba nafuu na kutambua vyeti vya ufundi vingekuwa na maana kuliko hotuba. Wafadhili wa nje nao wasijifiche nyuma ya uraia. Mtu akichukua pasipoti ya Armenia, kisheria hahesabiwi tena kuwa mkimbizi, ila mfuko wake haujabadilika.

Maelfu ya watu wa Aleppo wameshaondoka tena, wengine Kanada, wengine Ulaya. Wanaowalaumu wangewaambia mkataa kwao mtumwa. Mimi nawauliza wanaolaumu: walipewa nini cha kukataa?