Kimbunga Kenneth na Nyimbo Zetu za Ushindi

Nyimbo nyingi za injili zinazopigwa kwenye bajaji na mabasi yetu hapa Mtwara husimulia kisa kimoja: mtu alidharauliwa, akaomba, Mungu akamwinua, na waliomcheka wakaaibika. Filamu zetu nazo hukomea papo hapo, mchungaji akiingia, mchawi akiumbuka na mgonjwa akisimama. Sizibezi kazi hizo, kwa sababu mama anayebangua korosho tangu alfajiri kwa ujira mdogo hupata katika kiitikio cha namna hiyo nguvu ambayo mahubiri mengi hayampi. Hata hivyo ninaamini kwamba kisa hicho kikiachwa kiwe ndicho mwalimu wetu pekee kuhusu namna Mungu anavyoutunza ulimwengu, kitatutupa siku tutakapokihitaji zaidi.

Tukumbuke Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kikielekea pwani yetu. Shule zilifungwa, watu wa mabondeni na wa kando ya bahari wakatakiwa kuhamia mahali salama, nasi tukaomba kwa hofu ya kweli. Jioni ya tarehe 25 kimbunga kikatua Cabo Delgado nchini Msumbiji, kusini mwa mto Ruvuma, na sisi tukasalimika. Waislamu walishukuru, Wakristo walishukuru, na ilikuwa haki kushukuru. Ila tulipoanza kusema kwamba Mungu alikigeuza kimbunga kwa sababu sisi tuliomba, tulisahau kuuliza kiligeukia kwa nani. Ng'ambo ya mto wako Wamakonde, ndugu zetu wa damu, na miongoni mwao wamo Wakristo wanaofunga na kusali kama sisi. Kisiwani Ibo nyumba nyingi ziliporomoka, na katika Msumbiji yote watu zaidi ya 40 walikufa. Je, wao hawakuomba? Ushuhuda ambao hatungethubutu kuutoa mbele ya mjane wa Macomia, huko huko Cabo Delgado, haufai kutolewa madhabahuni Mtwara.

Wala si kwamba kusini kwetu kuna kinga. Mwaka 1952, Aprili vilevile, kimbunga kiliipiga Lindi, na sidhani kuna Mkristo atakayesema kwamba mwaka ule Lindi ilikuwa imetupwa. Historia ya imani katika eneo hili inalijua jambo hilo kuliko nyimbo zetu. Mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani waliletwa kutoka Unguja wakaanzisha kijiji cha Kikristo Masasi. Mwaka 1882 kijiji hicho kikavamiwa na Wangoni waliojulikana kama Magwangwara, baadhi ya watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Mtu aliyeonja uhuru kwa miaka michache kisha akafungwa tena, wimbo wa ushindi wa beti tatu ungemsimulia vipi? Na bado Kanisa la Masasi lipo mpaka leo.

Mtu wa Biblia anayependwa zaidi na watunzi wetu ni Yusufu, kwa kuwa alitoka shimoni akafika ikulu. Mimi pia nampenda, lakini naona tunamkata katikati. Kwanza, tunairuka ile miaka miwili mizima aliyobaki gerezani baada ya mnyweshaji kumsahau, wakati ambapo hakuna ndoto mpya wala muujiza unaosimuliwa. Pili, na hili ndilo linalonigusa zaidi, mwisho wake si aibu ya maadui. Ndugu zake walipofika wanatetemeka, Yusufu alilia, akawaambia kwamba waliyoyakusudia kuwa mabaya Mungu aliyakusudia kuwa mema ili watu wengi waokolewe, kisha akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Nafaka iliyohifadhiwa kwa hekima yake ililiwa na Wamisri wasiomjua Mungu wake, na ililiwa na wale wale waliomuuza. Kuinuliwa kwake kulikuwa kwa ajili ya matumbo ya wengine, na hilo silisikii kwenye spika za bajaji.

Bwana Yesu mwenyewe, alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa dhana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Alisema pia kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Mkulima wa Newala analijua hilo kwa macho yake, maana ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, hauchagui mkorosho wa mzee wa kanisa.

Kwa hiyo ninawaomba watunzi wetu, ambao wana vipaji vikubwa na wanasikilizwa kuliko maaskofu, watutungie nyimbo za watu ambao jibu lao bado halijafika. Na ninawaomba wachungaji, Jumapili ya mavuno minada ya korosho ikiisha, wasimpe kipaza sauti aliyenunua pikipiki peke yake. Wampe pia yule ambaye gharama za shamba zilimmaliza fedha na shamba halikumrudishia kitu, asimulie jinsi alivyoendelea kuamini, nasi tumwitikie haleluya kwa sauti ile ile.