Kiwanda cha Hasara Kilichoizaa Hyderabad ya Chanjo

Wapangaji wetu wa maendeleo wakiitaja Hyderabad, mji wa India unaosifika kwa chanjo, huanzia mwaka 1999, serikali ya jimbo ilipozindua Genome Valley, kongani (eneo la kampuni zilizokusanywa pamoja) ya bioteknolojia. Funzo wanalochukua ni moja: tenga ardhi, vuta umeme, punguza kodi, wawekezaji watakuja. Hoja hiyo ina uzito. Chanjo haitengenezwi kwa umeme wa kukatikakatika, na kampuni zikiwa jirani hugawana maabara na mafundi.

Lakini mwaka 1999 ulikuta kazi imekwishaanza. Miaka ya 1960 India, kwa msaada wa Wasovieti, ilijenga hapo kiwanda cha dawa cha shirika la umma, IDPL. Shirika hilo sasa hukumbukwa kwa hasara, na kweli hasara zake zilibebwa na walipa kodi. Ila humo ndimo wanakemia walimojifunza kuzalisha dawa kwa tani badala ya gramu za maabara, kisha wakatoka kwenda kujitegemea. Anji Reddy, aliyeanzisha kampuni ya dawa ya Dr. Reddy's mwaka 1984, alitokea huko. Sheria ya hataza (haki za wavumbuzi) ya 1970, iliyolinda njia ya kutengeneza dawa bila kulinda dawa yenyewe, iliwapa nafasi ya kubuni njia zao.

Tazama kampuni ya Shantha Biotechnics ya Hyderabad, iliyoanzishwa 1993 na Varaprasad Reddy, mhandisi wa elektroniki. Fedha muhimu za mwanzo zilitoka kwa Yusuf bin Alawi, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Oman. Utafiti ulipata hifadhi CCMB, taasisi ya umma ya biolojia. Mwaka 1997 ikatoa chanjo ya homa ya ini aina B kwa takribani dola 1 kwa dozi, wakati ile ya kuagizwa ilifika dola 23. Mtoto huhitaji dozi 3: dola 3 au dola 69. Kwa familia ya kibarua, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchanjwa na kutochanjwa, na ilipatikana miaka 2 kabla ya Genome Valley kuzinduliwa.

Umoja wa Afrika unataka ifikapo 2040 bara lijitengenezee asilimia 60 ya chanjo zake. Kigali ilipokea makontena ya kiwanda cha BioNTech, kampuni ya chanjo ya Ujerumani, mwaka 2023. Kenya ina taasisi yake ya chanjo, BioVax. Ardhi na misamaha ya kodi vimejadiliwa vya kutosha. Ningependa bunge liulize pia mafundi wangapi wazawa wanafundishwa hatua zote za uzalishaji, na kama mikataba yao inawaruhusu kuondoka na ujuzi huo wakafungue kampuni zao.