Moshi ni kawaida, mama

Kabla hamjaendelea kunitumia zile picha za gari la zimamoto, eti kwa sababu pikipiki yangu ilishika moto nimempakia mama mkwe, naomba kukanusha mambo matatu. Sikumchoma mama mkwe. Zimamoto hawakuja, kuna mtu alipaza sauti "pigeni 114!" lakini nani apige, simu zote zilikuwa zinarekodi. Na mama mkwe hakuruka kwenye pikipiki ikiwa mwendoni. Tulikuwa tumesimama kwenye taa. Huyo jirani yangu kinyozi anayemsimulia kila anayekalia kiti chake hakuwepo hata dakika moja. Kaisikia kwa mke wangu, ambaye naye hakuwepo.

Sasa sikilizeni ya kwangu.

Mke wangu ana alama ya kuungua na ekzosi, bomba la moshi la pikipiki, kwenye mguu wa kulia, kwa ndani, duara kama kitumbua. Ya mwaka juzi, lakini wageni wakija inaonyeshwa kama vile imetokea asubuhi. Basi mama yake alipopiga simu kwamba Jumamosi anatoka Tanga kuja kumwona mjukuu, na mimi ndiye wa kumpokea stendi ya mabasi ya Magufuli, Mbezi, nikaambiwa kitu kimoja tu: "Mama yangu akirudi Tanga na kitumbua, na wewe utaondoka naye."

Ijumaa nikaenda Kariakoo. Muuzaji akanitolea bandeji ya ekzosi, nyeusi, mita 10, imesokotwa kwa nyuzi za kioo. Ukilivingirisha bomba, joto linabaki ndani na mguu unasalimika. Akaniambia na pikipiki itakimbia zaidi. Hapo akawa amenimaliza. Akaniuliza, "Na tai za chuma za kufungia?" Moja elfu mbili, zinatakiwa sita. Nikacheka. Nyumbani nina mfuko mzima wa tai za plastiki zilizobaki tulipofunga dishi.

Ninyi mnaoshika vichwa sasa hivi, shusheni mikono, bado mapema.

Nikaangalia video mbili. Lowanisha bandeji kwanza: nikailoweka kwenye beseni. Anzia nyuma ukija kwenye injini, kila mzunguko uulalie mwenzake kidogo kama makuti ya paa, mvua isipenye: nilifanya, tena vizuri, na naomba hilo liandikwe popote mtakapoandika habari zangu. Vaa glavu na mikono mirefu: nilikuwa na singlendi na pensi. Hakikisha injini haivuji oili. Hapo nikaisogeza video mbele kidogo, maana ile gasketi ya juu ya injini fundi alishaniambia tangu Ramadhani kwamba inavuja. Kava la bati la ekzosi likagoma kurudi kwa sababu bomba limenenepa, nikaliweka uvunguni mwa kitanda.

Usiku huo sikulala. Zile nyuzi za kioo zinaingia kwenye ngozi huzioni, unajikuna mpaka unajikuna na ukuta. Saa nane mke wangu akawasha taa, akaniangalia kwa muda, akauliza kwa upole ambao sikuupenda: "Umeutoa wapi huu upele?"

Tena lile beseni, kumbe ndilo la kukandia unga wa mandazi. Tuliache.

Kuna sentensi moja ya kwenye video niliishika kuliko zote: ukiwasha mara ya kwanza itatoa moshi, usiogope, ni kawaida. Unatakiwa uiache iungurume nyumbani mpaka moshi ukome. Niliiacha dakika tano, mama wa jirani akaanua nguo zake kwa kelele, nikaona moshi uliobaki nitaumalizia barabarani.

Kwenda Mbezi, moshi mweupe. Nikajua ni maji yanakauka. Nilikuwa na amani ya mtu aliyesoma.

Mama akashuka kwenye basi na begi, kapu la machungwa na dumu la lita tano la mtindi wa mjukuu. Shikamoo, marahaba mwanangu, hamjambo, baba mtoto mbona umekonda. Begi nikalifunga nyuma, kapu nikalining'iniza mbele, dumu likagoma kutoka mikononi mwake. Akapanda upande, kiheshima, kanga kiunoni. Tukaondoka. Kimara, Baruti, Ubungo, safi kabisa. Namwonyesha na daraja.

Taa za Shekilango zikatukamata.

Hapa naomba twende taratibu, maana mimi mwenyewe naiona kila nikifumba macho.

Kushoto kwangu daladala. Konda katoa kiwiliwili nje, ananiambia, "Oya boda, unafuka." Nikamnyooshea dole gumba. "Kawaida hiyo, kaka, bandeji mpya." Abiria wa dirishani naye akainama kuangalia, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza somo. Nikamweleza kwamba joto likibaki ndani, moshi unatoka kwa kasi. Nikamweleza ya makuti. Moshi sasa umekuwa mweusi na mimi bado nipo kwenye makuti.

Mtoto anayeuza karanga akapita nyuma yetu, akarudi, akanigusa bega. "Anko, mkia wako."

"Baba," mama akauliza nyuma yangu, "huyu mtoto anasema mkia wa nani?"

Nikageuka polepole. Tai za plastiki hazikuwepo. Bandeji ilipokuwa mbichi zilivumilia. Ilipokauka zikayeyuka zote, moja imebaki inaning'inia kama kamasi. Bandeji imejifungua, imelala lami nyuma yetu kiasi cha mita tatu, nyeusi, ncha yake inafuka. Na ile sehemu iliyobaki karibu na injini, ilikuwa imekunywa oili yote iliyodondoka njiani, imeloa kama chapati ya maji. Juu yake kuna kamwali kadogo ka rangi ya machungwa. Kadogo kweli. Kazuri hata.

"Moshi ni kawaida, mama," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Na huo moto?"

Konda akapiga bodi la gari. "Shusha bibi! Shusha bibi!" Abiria wote wakahamia upande wetu. Mama akashuka, hakuruka, alishuka kama anashuka kitandani. Akasema "Yarabi" mara moja tu. Akafungua kifuniko cha dumu, akakiweka mfukoni kisipotee, akainama, akaanza kumimina.

Mtindi ukidondokea bomba la moto hausemi "tshaa" kama maji. Unasema "blop", halafu unaganda hapohapo, halafu unaungua. Lita tano. Hakuharakisha. Alizungusha dumu kama mtu anayemwagilia mchicha, mpaka tone la mwisho, na watu wakapiga makofi. Taa ikawaka kijani. Hakuna aliyeondoka.

Mimi nimeshika usukani, sina pa kutazama, nikaitazama kanga yake. Imeandikwa "Wastara hazumbuki". Niliisoma mara nne.

Alipomaliza akaizunguka pikipiki, akaangalia bomba, akaangalia mahali alipokuwa amekaa. Akaniuliza ile bandeji ilikuwa ya nini. Nikamwambia ni kwa ajili yake, asiungue mguu.

"Mwanangu," akasema, "ekzosi iko kulia. Mimi miguu yangu ilikuwa kushoto."

Mnaona? Elfu thelathini na tano ya bandeji, beseni, ngozi yangu na mtindi wa mtoto.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama akachukua bajaji, akafika kabla yangu, na alikuwa ameshasimulia. Mimi nilisukuma mpaka Sinza. Fundi aliikata bandeji kwa wembe huku anacheka, akabadilisha gasketi, akarudisha kava la bati, akaniambia ningempelekea hiyo kazi ya gasketi tangu Ramadhani ningelipa elfu kumi na tano tu. Beseni nimenunua jipya, kubwa kuliko la kwanza, kwa maelekezo. Mama karudi Tanga Jumatano. Stendi alipelekwa na basi la mwendokasi, na mimi nikabeba kapu tu.

Kuna mtindi umeingia mahali kwenye ile ekzosi ambapo brashi haifiki. Kila injini ikipata moto, harufu inatoka, ya jibini iliyoungua. Paka watatu wa mtaani wananisubiri getini jioni. Na kijiweni nimeshapewa jina, ambalo kinyozi ndiye kalitunga, na atakayeliandika hapa namblock, awe ndugu awe rafiki.