Nyumba Ina Wenyewe

Kuna watu wanafunga safari, wanalipa kiingilio, wanashinda juani na darubini wakimsubiri mnyama apite. Mimi nawaambia hivi: njooni kwangu. Hamlipi hata senti, na mkimpenda mliyemwona, mfungeni mwondoke naye.

Na wala si kwamba nawaogopa. Mnyama peke yake ningepambana naye. Balaa ni kwamba ndani ya nyumba hii kila kiumbe ana mtetezi. Mbayuwayu wanatetewa na mke wangu. Popo, mijusi, nyigu na vyote vitambaavyo wanatetewa na binti yangu, ambaye shuleni wamemfundisha biolojia wakasahau kumwambia kwamba baba naye ni kiumbe hai.

Nianze na darini, maana huko ndiko kwenye umati. Kila jioni giza likianza kuingia, juu ya kitanda changu panaanza kelele: chi-chi-chi, halafu mkwaruzo, halafu kimya, halafu kama mtu anaburuta karatasi. Nikasema hao ni panya, nikanunua mtego, nikapanda ngazi na tochi mdomoni. Juu ya mbao nikakuta vijipunje vyeusi vimetapakaa. Binti akaja na kijiti, akakiponda kimoja mbele ya pua yangu. Kikasagika kikawa unga, na ndani ya ule unga vikameremeta vipande vya mabawa ya wadudu.

“Baba, kinyesi cha panya hakisagiki hivi. Hawa ni popo. Na usivute hilo vumbi, linaweza kuwa na kuvu wa kuumiza mapafu.”

Anayajua yote hayo, na ameniacha nimetia kichwa kule juu bila hata kitambaa puani!

Basi nikatafuta mlango wao. Nimezunguka nyumba, nimekagua paa, shimo silioni. Mwishowe binti akanionyesha ufa kati ya ukuta na ubao wa pembeni, upana wa kidole gumba. Hapo ndipo panapopita ukoo mzima. Mimi mlango wangu mita mbili kwenda juu, na kila nikibeba kitu bado nagonga kiwiko.

Nikasema dawa ni simenti, leo hii hii mchana. Wakili akasimama.

“Mchana wote wamo ndani, baba. Ukiziba watafia humo, utakaa na harufu. Wengine watatafuta njia ya kushukia chumbani.”

“Basi naziba usiku wakishatoka.”

“Usiku mama zao wakienda kuwinda, watoto wanabaki wananing'inia. Popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kila wazaapo, baba. Mmoja!”

Hapo mke wangu akaguna kwa huruma, nikajua kesi imekwisha. Uamuzi uliotolewa ni kwamba nisubiri watoto waweze kuruka, ndipo nitundike wavu juu ya ule ufa, chini uachwe wazi, ili wanaotoka watambae watoke na wakirudi wasione pa kuingilia. Yaani popo wapewe notisi, halafu wapewe na muda wa kulea. Nilipolalamika, binti akaniambia nishukuru sipo Uingereza, kwa kuwa kule sheria ya mwaka 1981 inamlinda popo pamoja na makazi yake, hata siku ambazo mwenyewe hayumo. Hebu nielewesheni. Mimi nikisafiri kidogo tu, narudi nakuta kitanda changu kalala mtoto wa shemeji.

Tena siku moja mmoja wao alitelemka hadi sebuleni. Mke wangu alijifunika kanga kichwa kizima, eti popo hunasa kwenye nywele. Mimi nikachukua ufagio, nikavaa kofia, glavu, koti la mvua, maana hilo la kutomshika popo kwa mkono mtupu silifanyii mzaha, kichaa cha mbwa hakina mchezo. Nikapiga hewa kulia, akapita kushoto. Nikapiga kushoto, nikaangusha picha ya harusi. Binti akaja taratibu, akafunga mlango wa vyumbani, akafungua dirisha, akazima taa, akasema, “Tutokeni.” Tukatoka. Tuliporudi popo hayupo. Nilisimama pale na koti langu la mvua, nje hakuna hata wingu.

Ukutani sasa. Mjusi kafiri ana tabia moja: haoni aibu. Hana kope za kufumba, kwa hiyo akikukazia macho amekukazia, na jicho likiingia vumbi analilamba kwa ulimi wake mwenyewe. Nikiwa nasoma, mmoja alinidondoshea mzigo katikati ya ukurasa: kipande cheusi, ncha nyeupe. Nikamwita binti aje aone mteja wake anavyonidharau. Akainama, akatazama kwa makini kama daktari, akasema ile nyeusi ni kinyesi na ile nyeupe ni mkojo, kwamba mjusi hukojoa mkavu ili asipoteze maji. Kumbe kila siku nilikuwa naletewa vyote viwili kwa safari moja!

Nilimkimbiza na kandambili. Nikamkosa yeye, nikapata mkia. Mkia ukabaki sakafuni unajipinda na kurukaruka peke yake, mimi nimeuinamia kwa mshangao, na mwenyewe yuko darini, miguu juu, ananichungulia. Wala hana gundi miguuni. Wanasayansi walishapima mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakakuta ni vinyweleo vidogo mno, maelfu kwa maelfu, vinavyoshikana na ukuta kwa nguvu ya molekuli. Mimi rangi ya ukuta huo huo imenibanduka mwaka wa kwanza.

“Lakini baba, anakula mbu.”

Hiyo ndiyo kauli yao. Popo anakula wadudu. Mjusi anakula mbu. Chura anayekaa kwenye kizingiti ili nimkanyage nikitoka usiku, naye anakula wadudu. Sasa kama wote hao wanakula, mbona mbu wanaonila mimi hawapungui? Binti akasema ni taa yangu ya nje, nyeupe na kali, inaita wadudu kutoka kila upande, na wadudu wanaita wengine. Nibadilishe, niweke ya manjano yenye mwanga hafifu. Mke wangu akakataa, eti wezi. Kwa hiyo umeme nalipa mimi, chura anakula.

Mbayuwayu wako juu ya mlango wa mbele, na hao siwezi hata kuwagusa kwa maneno. Kiota chao ni vidonge vya udongo, vinaweza kufika elfu moja, kila kimoja kimeletwa kwa mdomo, mume na mke wakipokezana. Mke wangu anapenda kusimama pale chini akiwatazama, halafu ananitazama mimi. Nami namwambia, mama watoto, fundi niliyemlipa kupiga plasta ukuta wa nyuma alichukua kianzio akapotea, kwa hiyo nami nawaheshimu hawa ndege kwa kazi. Lakini heshima hiyo haihusu kinachodondoka. Mgeni akibisha hodi lazima kwanza nimwambie asogee kushoto. Nikatundika kibao kidogo chini ya kiota kukinga uchafu. Sasa wanatua kwenye kibao kupumzika, uchafu unadondokea mbele zaidi.

Nyigu nao waliamua kujenga kwenye kitasa. Nimerudi usiku nimechoka, natia ufunguo, hauingii. Nasukuma, naupuliza, nautukana. Mke wangu ndani anauliza, “Nani?” Nani! Tulipokifungua kitasa kesho yake tukakuta udongo mkavu, na nyuma yake viwavi wadogo wa kijani wamepangwa vizuri, wazima lakini wamepigwa ganzi, akiba ya mtoto wa nyigu akianguliwa. Nikatarajia angalau hapo nitaonewa huruma. Wapi! Binti akasimulia kwamba kule Brisbane, Australia, nyigu wa namna hiyo huziba vile virija vya ndege vya kupimia mwendo, na mwaka 2013 ndege kubwa ya abiria ilibidi igeuze kwa sababu hiyo. “Kwa hiyo kitasa ni kitu kidogo, baba.” Sawa. Wale wa Brisbane wakarudi uwanjani, wakapokewa. Mimi nililala kwa jirani.

Panya sitawasema sana, mnawajua. Panya mdogo wa nyumbani anapenya uwazi wa milimita 6, na paka wangu ana habari hizo ila ameamua zisimhusu. Ninachotaka kusema ni kile walichokileta. Nimeingia stoo kutafuta nyundo, nyuma ya mfuko wa simenti nikaona kitu cheupe kama nailoni. Nikakivuta. Kikaja. Kikaendelea kuja. Gamba la nyoka, zima, toka mkiani hadi kichwani, hata pale penye macho pana viduara viwili vya kung'aa, mithili ya miwani. Sikumbuki nilitokaje. Nyundo naikumbuka, niliiacha.

Jirani akaja na fimbo, akalipima, akatikisa kichwa. “Mzee mwenzangu, huyu si wa jana.” Maneno ya kumwambia mtu huyo! Binti akasema tusiogope, gamba huvutika likivuliwa, nyoka mwenyewe ni mfupi kuliko hilo. Nikamuuliza mfupi kwa kiasi gani, na yuko wapi na huo ufupi wake. Akasema amefuata panya, panya wakiisha ataondoka, na tukimwona tusimchokoze, tumwite anayejua kukamata nyoka. Tukamtazama paka. Paka akageukia upande wa pili.

Sasa jana asubuhi nimewaona nyuki watatu wanne kwenye tundu la ukuta wa nyuma, pale pale alipoishia yule fundi. Wanaingia, wanatoka, wanazunguka, wanaingia tena. Nikamwita binti nikiwa nimeshajiandaa kwa hotuba. Akakunja uso.

“Hao ni wapelelezi, baba. Wanakagua nafasi. Wakiridhika wanarudi kuwachezea wenzao ngoma ya kuwaelekeza, kundi zima linahamia. Wakishajenga masega humo ukutani kuwatoa ni kazi kubwa. Ziba leo. Jioni wakiondoka.”

Nilimwomba arudie. Akarudia. Mke wangu naye, kutoka dirishani, akasema ziba. Nyumba nzima tumekubaliana! Nikakunja mikono ya shati, nikaomba mwiko, nikaomba ndoo ya maji.

“Simenti iko wapi?” nikauliza.

“Stoo,” wakajibu wote wawili.

Tumesimama mlangoni pa stoo tangu saa kumi na moja. Nimemwambia binti aingie yeye, kwa kuwa ndiye anayejua urefu halisi wa nyoka. Kasema yeye ni mtoto.