Mama, Weusi Ule ni Hewa

Juma lililopita niliteleza kwenye barafu mlangoni, hapa Würzburg, Ujerumani, kifundo cha mkono kikavimba kama andazi. Nilipigwa eksirei. Hata chai sijaimaliza, daktari wa kusoma picha akaniita, akanionyesha kwenye skrini: mfupa ni mweupe kwa sababu kalsiamu inazuia miale, na hapa hakuna ufa. Nikapewa ripoti mkononi. Nilipofika nje nililia, na si kwa maumivu.

Mwaka jana mama yangu, Kisumu, alikohoa wiki kadhaa. Akapigwa picha ya kifua, akapewa filamu ndani ya ile bahasha ya kaki, akaambiwa msomaji huja Alhamisi. Alhamisi hakuja. Wala iliyofuata. Mama akaitoa filamu, akaiinua dirishani, akaona kifua cheusi tititi. Akaamini moshi wa kuni, miaka yote aliyokaanga omena, umemuunguza mapafu. Siku 16 hakulala. Akaanza kugawa leso zake.

Mama, weusi ule ni hewa! Pafu lenye hewa huachia miale ipite, na filamu ikapigwa na miale huwa nyeusi. Nimonia au TB ndiyo huleta weupe palipostahili kuwa peusi. Maneno ya nusu dakika, na hakuna aliyemwambia.

Najua mtakachoandika: "Ameonja theluji, sasa anatudharau." Nimdharau nani? Nilimwonyesha daktari mmoja wa huku ile picha kwenye simu. Akasema imepigwa vizuri sana: mgonjwa amevuta pumzi ya kutosha, mabega yamesogezwa yasifunike mapafu. Hiyo ni kazi ya kijana wetu wa eksirei, na siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Kwa hiyo msiniambie habari ya mashine. Mashine zilikuja. Mwaka 2015 Kenya tulianza kulipia mashine za kukodisha za hospitali, tepe zilikatwa, hotuba tulizisikia. Msomaji je? Picha isiyosomwa ni kama barua iliyofungwa. Na msiseme kwamba ni mbali: picha ya kidijitali hutoka Kisumu ikamfikia msomaji Nairobi au Eldoret kwa dakika chache. Sisi tulianza M-Pesa mwaka 2007, na huku bado nasimama nyuma ya watu wanaohesabu sarafu dukani. Tunashindwaje na picha ya kifua?

Tena mji huu wa Würzburg ndipo mwanafizikia Röntgen alipoigundua miale hiyo ya eksirei, tarehe 8 Novemba 1895. Mwezi uliofuata akaupiga picha mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana pamoja na pete. Inasimuliwa kwamba mke alipoiona alisema ameona kifo chake. Namwelewa. Lakini yule mama alikuwa na mtu kando yake anayejua anachokitazama. Wangu alikuwa na dirisha.

Mtasema nirudi nikasaidie. Sijasomea kazi hiyo, na waliosomea wanataka kuajiriwa, si kuimbiwa uzalendo.

Siku ya 17 ripoti ilifika. Mapafu safi. Moyo ndio umepanuka, umezidi nusu ya upana wa kifua; ilikuwa presha, muda wote huo bila dawa. Sasa anameza kila asubuhi, na kikohozi kimepungua. Leso mbili bado ziko kwa shangazi. Mama amekataa kuzidai.