Bodi Moja, Nyumba Mbili: Azamara na Oceania

Kampuni ya meli za kitalii ya Renaissance Cruises ilipofilisika Septemba 2001 iliacha meli nane changa zilizofanana kama sare za shule: R One hadi R Eight. Zote zilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na Chantiers de l'Atlantique, ya kwanza ikikabidhiwa 1998 na ya mwisho 2001. Kila moja ina urefu wa mita 181, upana wa mita 25 na nusu, ujazo wa tani 30,277, na hubeba abiria kati ya 670 na 700. Zilipita mikono mingi, baadhi zikibadilishwa jina mara tatu au nne. Kufikia 2022 zilikuwa zimegawanyika nusu kwa nusu kati ya kampuni mbili za safari za kitalii: Journey, Quest, Pursuit na Onward kwa Azamara, Insignia, Regatta, Nautica na Sirena kwa Oceania.

Ni nadra kupata ulinganisho ulio safi kiasi hiki. Chuma ni kilekile, ngazi ziko palepale, jiko liko palepale. Tofauti utakayoikuta imewekwa na kampuni kwa makusudi, au imeachwa kwa sababu haiwezi kuondolewa. Watu wengi wanaochagua kati ya hizi mbili huanza na picha za vyumba. Picha za vyumba ndizo zinazosaidia kidogo kuliko vyote.

Chukua kabini yenye roshani, ambayo ndiyo iliyo nyingi zaidi. Oceania huandika futi za mraba 216. Azamara huandika 175. Anayesoma haraka ataona moja imemzidi mwenzake kwa robo nzima, na wapo wanaolipa zaidi kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba Oceania imejumlisha roshani na chumba, Azamara imetaja chumba peke yake na roshani imeiweka kando, kama futi 40 hivi. Ni sanduku lilelile: mita za mraba 16 za ndani na kijiroshani cha viti viwili na meza ya kuwekea vikombe.

Bafu ndilo linalolalamikiwa pande zote mbili, na malalamiko ni ya haki. Katika kabini za kawaida sehemu ya kuogea ni finyu kiasi kwamba mtu mnene akiinama kuokota sabuni anagonga ukuta. Palipo na pazia badala ya mlango wa kioo, pazia humganda mwilini: maji ya moto yanayoshuka kwa kasi huvuta hewa, msukumo ndani hupungua, na pazia hufuata. Bafu lenyewe haliwezi kupanuliwa kirahisi. Mabafu ya meli za abiria za kizazi hiki hutengenezwa kiwandani yakiwa kamili, kisha huingizwa melini na kufungwa dhidi ya mkondo wa mabomba unaohudumia kabini kadhaa juu na chini. Kusogeza ukuta mmoja ni kufumua sitaha nne. Kwa hiyo kila ukarabati hubadilisha vigae, beseni na bomba la manyunyu, vipimo vikabaki. Kabla ya kulipa, uliza swali moja tu: kabini hii namba fulani ina pazia au kioo?

Sasa mapambo. Mbunifu wa awali, Mskoti John McNeece, alizipa meli hizi sura ya nyumba ya kitajiri ya Kiingereza ya zamani: mbao za rangi ya mahogani, nguzo, mazulia mazito, ngazi kuu yenye vyuma vilivyofinyangwa, na maktaba ya sitaha ya 10 yenye dari iliyochorwa na meko ya mapambo. Meko haiwaki, bila shaka. Hata hizo mbao ni ganda jembamba la juu tu. Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinabana vitu vya mapambo vinavyoweza kushika moto: jumla yake ndani ya chumba isizidi ujazo wa ubao wa milimita 2.5 uliotandazwa juu ya kuta na dari zote. Chini ya ile mahogani kuna paneli zisizoungua. Kuta za kabini nazo ni za bati, ndiyo maana kulabu za sumaku hushika vizuri na wazoefu hubeba nne au sita za kutundikia kofia na nguo mbichi.

Oceania ilitangaza mwaka 2018 mpango wa dola milioni 100 wa kuzifanya upya meli zake nne. Insignia ilianza mwaka huohuo, Sirena na Regatta zikafuata 2019, na Nautica ikamalizia. Rangi nzito zilitoka, zikaingia krimu, kijivu na buluu ya bahari, taa za vioo na vitambaa vyepesi. Lakini maktaba, ngazi kuu na mpangilio wa vyumba vya kukaa havikuguswa roho yake. Azamara ilitangulia kwa Journey na Quest mwaka 2016, ikaenda njia nyingine: mwonekano wa hoteli ya ufukweni, samani za chini, mbao za rangi hafifu. Pursuit ilifanyiwa kazi Belfast mwaka 2018 ilipotoka kwa kampuni ya Uingereza ya P&O, na Onward, iliyokuwa Pacific Princess, ikaanza safari 2022 ikiwa na baa mpya ya vinywaji vya kuchanganya, Atlas.

Wanaotetea sura ya zamani wana hoja zaidi ya mapenzi ya mambo ya kale. Mbao nyeusi na zulia lenye maua huficha doa la kahawa, mkwaruzo wa sanduku na weupe wa chumvi. Krimu haifichi kitu. Kiti kilichopendeza Januari kinaonekana kimechoka Oktoba, na meli hizi haziingii kila mwaka chelezoni, mahali meli hutolewa majini kutengenezwa. Upande wa pili nao una hoja: dari za meli hizi si ndefu, na rangi nyeusi katika ukumbi wa dari fupi hubana, hasa sitaha ya 5 ambako madirisha ni machache kuliko juu. Kwa macho yangu Oceania imepata uwiano mzuri zaidi ndani ya kabini, ilhali baadhi ya kumbi za Azamara zinaweza kuhamishiwa hoteli yoyote ya uwanja wa ndege na mtu asigundue.

Ila hapo juu kabisa, omoni (mbele) mwa sitaha ya 10, Azamara imefikiri vizuri. Ukumbi huu una madirisha pande tatu na ndio bora katika meli nzima. Oceania wanauita Horizons na wanautumia kwa desturi: chai ya saa kumi alasiri, muziki wa nyuzi, kisha dansi na vinywaji usiku. Nje ya saa hizo unakaa nusu mtupu. Azamara waliugeuza kuwa The Living Room, wakaukata kwa samani katika vijisehemu: pa kusomea, pa michezo ya mezani, pa vitafunio, bado pakiwa na nafasi ya dansi. Siku ya baharini yenye mvua, watu mia saba wakitafuta mahali pa kukaa, mpango huo unabeba watu wengi zaidi kwa saa nyingi zaidi. Anayependa chai yake ihudumiwe na mwenye glavu nyeupe hatakubaliana nami, na ana haki.

Chakula ndipo wengi huhukumu, na hesabu inafaa kufanywa. Tezini (nyuma) mwa sitaha ya 10 kuna migahawa miwili midogo katika meli zote nane. Kwa Oceania ni Toscana ya Kiitaliano na Polo Grill ya nyama, isipokuwa Sirena yenye Red Ginger ya vyakula vya Asia na Tuscan Steak iliyounganisha hiyo mingine miwili. Hailipiwi ziada. Kwa Azamara ni Aqualina na Prime C, na abiria wa kabini za kawaida hulipia. Oceania inaonekana imeshinda papo hapo. Lakini kila mgahawa una viti visivyofika 100, na kitu cha bure hutakiwa na kila mtu. Abiria 670 kwa viti visivyofika 200 maana yake, meza ikikaliwa mara moja tu kwa jioni, inachukua karibu siku nne kila mmoja apate zamu moja. Ndiyo sababu nafasi hugawiwa kwa idadi, na walio kwenye kabini za daraja la juu hufunguliwa kuhifadhi mapema. Ukichelewa unaangukia saa tatu na nusu usiku. Kwa Azamara ada hiyohiyo inayokera ndiyo inayopunguza foleni.

Ubora wa sahani zenyewe, Oceania wako mbele, hasa mkate, samaki na chakula cha kila siku cha Grand Dining Room, ukumbi wao mkuu wa kulia. Azamara hujibu kwa njia mbili: nauli yao imezoea kubeba vinywaji teule na bahashishi, na ratiba zao hulala bandarini au kuondoka usiku sana. Meli inayokaa Bordeaux hadi usiku wa manane haihitaji kukushindia kwa chakula cha jioni; utakula mjini. Oceania imekuwa ikibadilisha mara kwa mara kilichomo ndani ya nauli, kwa hiyo chukua karatasi, andika bei ya tiketi, bahashishi, intaneti, mvinyo unaokunywa kweli na matembezi ya nchi kavu, kisha linganisha jumla. Asiyekunywa pombe, kwa Azamara anawalipia wenzake.

Burudani sitaipa nafasi kubwa. Ukumbi wa sitaha ya 5 ni sakafu tambarare yenye nguzo, si jumba la ngazi. Anayekuja dakika tano kabla ataangalia kisogo. Hilo ni lilelile kwa kampuni zote mbili.

Kwenye kuchagua kabini, ramani moja inatumika kwa meli zote nane. Sitaha ya 6 katikati, madirisha yanatazama boti za kuokolea. Bei hushuka, na kwa anayelala tu humo ni nafuu ya kweli. Sitaha ya 8 iliyo chini ya bwawa utasikia viti vikiburutwa alfajiri wahudumu wanapopanga. Mwisho wa tezi kuna mtetemo meli inapofunga na kufungua gati. Sitaha ya 7 katikati ndiyo tulivu, juu na chini yake kuna vyumba tu, na kitovu cha kuyumba kwa meli kiko karibu. Na tazama tarehe ya mwisho ya kuingia chelezoni kabla ya kutazama picha, ukijua kwamba chelezo la wiki mbili au tatu hubadilisha mazulia na magodoro, mara chache mabomba. Harufu ya choo ikitokea asubuhi, mara nyingi ni mtego wa maji wa sakafuni uliokauka: mimina bilauri mbili za maji kwenye tundu la sakafu kabla ya kupiga simu mapokezi.

Soketi ni za pini mbili za Kimarekani na za Ulaya, na ni chache, nyingi zikiwa mezani. Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala na chaja za pini tatu nene abebe adapta zake mbili. Nyaya za kuongezea soketi, hasa zenye kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla, huzuiliwa kwenye ukaguzi wa mizigo na kurudishwa siku ya kushuka.