Kromosomu 48 na sauti ya chura

Chura kijivu wa mitini wa mashariki mwa Marekani ni wawili kwa jina, mmoja kwa sura. Hyla chrysoscelis na Hyla versicolor wana ngozi ile ile inayobadilika kati ya kijivu na kijani, na manjano ile ile ndani ya mapaja. Macho hayawatofautishi. Sikio linaweza, na hadubini pia: wa kwanza ana kromosomu 24, seti mbili kama kawaida, wa pili ana 48, seti nne. Mwanabiolojia Aaron Wasserman aliitangaza hesabu hiyo mwaka 1970. Swali lililobaki ni hili: je, kujirudufu kwa kromosomu ndiko kulikomtenga versicolor, au 48 ni alama tu ya utengano ulioletwa na mambo mengine?

Wanaoona ni alama tu wana hoja nzito. Uchunguzi wa mamia ya sehemu za DNA uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba versicolor huenda alitokana na tukio moja la kurudufu, katika ukoo wa chrysoscelis ambao sasa umetoweka, lakini baadaye akachanganya damu na jamaa zake wa seti mbili mpaka zikatokea koo kadhaa za wenye seti nne. Ukuta wenye matundu kiasi hicho ni ukuta gani? Tena mtafiti wa milio ya vyura, Carl Gerhardt, alionyesha 1994 kwamba majike wa chrysoscelis wanaoishi pamoja na versicolor huchagua mlio wa dume kwa ukali zaidi kuliko majike wa kwingineko. Hiyo ni kazi ya uteuzi asilia: jike anayekosea dume hupoteza mayai ya msimu.

Nakubali yote mawili. Ila ushahidi huo unaeleza mpaka ulivyoimarishwa, na mimi kinachonikosesha usingizi ni siku ya kwanza. Chura wa kwanza mwenye seti nne alitokea kati ya wenye seti mbili, bwawa zima. Akipandana na yeyote kati yao, watoto ni wa seti tatu, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza mbegu na mayai, hivyo uzao wake unaelekea kuishia hapo. Uteuzi wa polepole haumfai kitu. Yeye anataka mwenzi wa aina yake, na anamtaka kabla hajafa. Bila njia ya kumpata, angepaswa kutoweka.

Njia hiyo imo ndani ya seli. Kromosomu zikiongezeka, seli hukua, na mlio hubadilika: katika joto lile lile, versicolor hutoa takriban nusu ya midundo (mapigo mafupi yanayounda mlio) anayotoa chrysoscelis kwa sekunde. Mtafiti Tucker na Gerhardt walilijaribu hili kwa kutengeneza, maabarani, chrysoscelis wa seti tatu, wote kutoka damu ya chrysoscelis mtupu, bila tone la versicolor. Matokeo yao ya 2012 ndiyo ninayoyarudia kila nikiambiwa kwamba kromosomu ni hesabu tu. Madume walilia kwa midundo ya polepole zaidi. Majike nao wakaanza kuipenda midundo ya polepole, na kipimo walichokipenda kilikaribia kabisa kile cha madume wa seti tatu. Sauti na sikio vilihama pamoja, katika kizazi kimoja, bila mto wala mlima wa kuwatenga.

Mtu atasema seti tatu si seti nne, na ni kweli. Watafiti wenyewe walitarajia tu kwamba kwa seti nne mhamo ungekuwa mkubwa zaidi. Lakini uhusiano huu wa sauti na sikio haukuzuka maabarani. Usiku wa baridi vyura hawa hupunguza kasi ya mlio, na Gerhardt alishaonyesha 1978 kwamba upendeleo wa majike hushuka nao. (Ndiyo maana anayewahesabu kwa sikio hana budi kupima joto kwanza.)

Wala jambo la wanyama kurudufu kromosomu si kioja cha Marekani. Chini ya milima ya Rwenzori yuko chura wa majini, Xenopus ruwenzoriensis, mwenye kromosomu 108.

Turudi kwenye uchunguzi wa 2022, unaotajwa kana kwamba umeifunga kesi. Koo za versicolor zina mchanganyiko tofauti wa damu, lakini milio yao inafanana na wanazaliana bila shida. Kama mlio ungefuata jeni za kila jamaa aliyechanganya nao, tungetarajia kila ukoo ulie kivyake. Wanacholingana wote ni ile 48.